Blondi Kati ya Saluni na Saluni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nairobi

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari amepakwa blichi na msusi, akatoka anang'aa, na sasa ana wiki sita au nane za kukaa na nywele hizo nyumbani. Kupaka blichi yenyewe hatufundishi hapa. Hiyo ni kazi ya kioo, glavu na mtu wa pili anayeona kisogo chako.

Nilitoka saluni nywele zikiwa nyeupe kama maziwa. Wiki ya tatu zimekuwa manjano. Nini kimetokea?

Manjano hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza, yamefunikwa. Nywele nyeusi zina rangi mbili za asili ndani yake: moja ya kahawia-nyeusi na nyingine ya wekundu-manjano. Blichi huila ile ya kwanza upesi, lakini ya pili hung'ang'ania. Ndiyo maana nywele zikipakwa blichi hupita kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano ya kiini cha yai, na mwisho manjano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi mbivu. Msusi mwenye akili husimama hapo, kwa sababu akiendelea zitakatika. Weupe unaobaki huletwa na tona, ambayo ni rangi nyepesi inayopakwa juu kufunika manjano. Tona hukaa wiki nne hadi sita, na chini ya hapo ukiosha kichwa kila siku ya pili.

Kufifia kwa tona ni sababu moja tu. Nyingine ni madini ya maji, jua, na joto la pasi. Watu wengi hukimbilia shampuu ya zambarau kwa zote nne, na hapo ndipo pesa hupotea. Angalia kwanza manjano yamekaa wapi. Yakiwa sawasawa kichwa kizima, tona imeisha. Yakiwa yamefifia na nywele zinakwaruza vidole, hasa nchani, shuku maji. Yakiwa utosini na mbele tu, huku nywele za chini ya kisogo bado safi, ni jua. Na ncha zikiwa na rangi ya shati lililounguzwa na pasi, basi hiyo ni pasi kweli.

Nitajuaje kama ni maji yangu?

Maji ya kaunti hayana neno sana. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na milima ya Aberdare, na ni maji laini. Shida ni kwamba mgao ukikatika, kwenye ploti nyingi mwenye nyumba hufungulia kisima, au bauza huja kujaza tangi, na hapo hujui tena unaoga nini. Maji ya chumvi, kama tunavyoyaita, huwa na kalsiamu, na mengine yana chuma. Nywele zilizopakwa blichi zina matundu kama sifongo, kwa hiyo hunywa madini hayo kila unapoosha. Kalsiamu huzifanya ngumu na zisizong'aa. Chuma huzipa rangi ya chungwa ya kutu. Shaba, ambayo mara nyingi hutoka kwenye mabomba na matangi ya maji moto, huleta ukijani.

Kuna vipimo viwili vya bure. Chukua chupa safi ya nusu lita, jaza maji hadi theluthi moja, kwangua sabuni ya mche kiasi cha ukucha wa kidole gumba, funga, tikisa kwa nguvu mara ishirini. Povu likijaa juu na maji ya chini yakabaki karibu safi, maji ni laini. Povu likiwa haba, na maji yakawa kama tui lililokatika lenye vipande vyeupe vinavyoelea, hayo ni magumu. Kipimo cha chuma: acha maji kwenye beseni jeupe usiku kucha. Asubuhi ukikuta mstari wa kahawia pembeni au mashapo mekundu chini, umepata jibu. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme pia ni shahidi.

Fanya vipimo hivyo wakati mfereji una maji na tena siku ya mgao. Mara nyingi majibu hutofautiana, na hapo unajua siku gani ya kuosha nywele.

Nimegundua ni maji ya chumvi. Sasa?

Tafuta shampuu ya kutoa madini. Kwenye chupa huandikwa "chelating" au "hard water", na nyingine huuzwa kwa waogeleaji. Usichanganye na ile iliyoandikwa "clarifying" peke yake, ambayo kazi yake kubwa ni kuondoa mafuta na mabaki ya jeli. Kuona EDTA, kiambato kinachoshika madini, kwenye orodha ya viambato hakutoshi, maana shampuu nyingi za kawaida huwekwa kidogo ili zisiharibike dukani.

Itumie mara moja kwa mwezi, au kila wiki mbili kama hauna maji mengine kabisa. Lowesha nywele, paka, acha dakika tano, suuza, kisha weka tritimenti ya unyevu kwa dakika ishirini. Itaondoka na sehemu ya tona pia, kwa hiyo ipange kabla ya kuweka tona upya. Siku moja baada ya tona itakuwa umetupa pesa.

Wengine hutumia vitamini C. Inasaidia, ila nunua unga mweupe wa asidi askobiki. Vile vidonge vya kutafuna vya rangi ya chungwa vina sukari na rangi, na vile vinavyotoa povu kwenye glasi vina magadi. Kijiko kimoja cha chai kwenye vijiko viwili vya kulia vya shampuu isiyo na rangi, dakika kumi, suuza sana. Nayo hutoa tona.

Kwa kila siku ya kuosha, njia rahisi ni suuzo la mwisho. Osha kwa maji yoyote uliyo nayo, halafu malizia na lita mbili au tatu za maji laini kutoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Maji ya mvua ni mazuri mno, mradi usikinge yale ya dakika za mwanzo yanayoosha paa, na mabati yasiwe yamepata kutu.

Nioshe mara ngapi, na kwa mpangilio gani?

Nywele za kipilipili zilizopakwa blichi: kila siku saba hadi kumi. Kama unafanya mazoezi na kutoka jasho, katikati ya wiki suuza kwa maji matupu na kondishona. Baada ya tona mpya subiri saa 48 hadi 72 kabla ya kuosha mara ya kwanza.

Siku ya kuosha inaweza kwenda hivi:

1. Usiku wa kuamkia, au nusu saa kabla, paka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele. Hupunguza maji yanayoingia na kuvimbisha unywele.
2. Gawa kichwa mafungu manne na ubane. Usirundike nywele zote juu ya kichwa na kuzisugua kama nguo.
3. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu. Shawa ya umeme iteremshe hadi chini kabisa. Maji ya moto ndiyo yanayofuta tona upesi.
4. Shampuu isiyo na salfeti, kwenye ngozi ya kichwa tu. Povu linaloteremka linatosha kusafisha nchani.
5. Kondishona dakika tano, chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani kwenda juu, suuza.
6. Kamua kwa fulana ya zamani ya pamba, ukibonyeza bila kusugua.

Sabuni ya mche kichwani iache kabisa. Ina ukali wa aina ya magadi unaofungua magamba ya unywele, na kwenye maji ya chumvi huacha utando ambao hata kondishona haipenyi.

Shampuu ya zambarau au ya buluu? Na niiache muda gani?

Zambarau huua manjano. Buluu huua chungwa. Huo ndio mchezo wote, na bado ndipo makosa mengi yalipo. Ukiweka buluu kwenye nywele za manjano utapata ukijani, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi aliyechanganya rangi za maji angekuambia. Ukiweka zambarau kwenye nywele za chungwa hutaona mabadiliko ya maana hata ukae nayo saa nzima.

Wasusi huhesabu wepesi wa nywele kutoka 1, nyeusi tititi, hadi 10, manjano hafifu sana. Ukiwa 6 au 7, nywele ni za chungwa: buluu. Ukiwa 8, manjano yenye chungwa kidogo: zambarau iliyochanganyika na buluu. Ukiwa 9 au 10: zambarau. Na kumbuka hakuna shampuu inayopandisha ngazi. Blondi ya asali ya ngazi ya 7 haiwi platini kwa shampuu. Itakuwa asali iliyotulia, basi.

Anza na dakika mbili, mara moja kwa wiki. Iwapo haijatosha, wiki ijayo nenda tatu, halafu nne, mwisho tano. Paka kwanza palipo na manjano mengi, ambapo mara nyingi ni katikati ya unywele, na nchani pawe pa mwisho, kwa sekunde thelathini tu. Ncha zimepakwa blichi mara nyingi zaidi, zina matundu zaidi, na hunywa zambarau kama chapati inavyonywa mchuzi. Vaa glavu. Beseni na taulo viwe vya zamani.

Ipake kwenye nywele zilizolowa na kuenea sawasawa. Ukimimina moja kwa moja kichwani kwenye nywele kavu, utapata madoa ya zambarau pale chupa ilipogusa. Ieneze kwanza kati ya viganja. Shampuu hizi nyingi hukausha, kwa hiyo ifuatie kondishona nzito. Kama nywele zako ni kavu mno, nunua kondishona ya zambarau badala ya shampuu.

Nimezidisha. Nywele zimekuwa kijivu cha majivu na mahali pengine zambarau.

Usipaniki, na usipake blichi juu. Osha mara mbili kwa shampuu ya kawaida ya kusafisha, ukiacha povu dakika tatu kila mara, kisha tritimenti ya mafuta usiku kucha, na uoshe tena asubuhi. Rangi za shampuu hizi hukaa juu juu, na nyingi huondoka ndani ya maosho mawili hadi manne. Lakini ukiona ujivu unarudi kila wiki, fahamu kwamba sio kuzidisha tena: ni kwamba manjano yameisha na huihitaji. Pumzika wiki tatu.

Naweza kuitengeneza nyumbani, niokoe pesa?

Ndiyo, kwa rangi ya nywele ya zambarau isiyochanganywa na developa (ile krimu ya peroksidi inayoamsha rangi). Chukua kondishona nyeupe mililita 200, ongeza rangi kiasi cha punje ya dengu, koroga hadi isibaki michirizi. Unatafuta rangi ya maua ya mjakaranda yaliyoanguka barabarani mwezi wa Oktoba. Ikiwa kali kama bilinganya, ongeza kondishona. Jaribu kwenye fungu dogo nyuma ya sikio kwa dakika tatu, suuza, kausha, tazama mchana karibu na dirisha. Taa ya bafuni hudanganya.

GV ya duka la dawa, ile ya kupaka vidonda, tunashauri uiache. Tone moja likizidi limezidi, hushika ngozi na kucha, na usalama wake umeshatiliwa shaka. Buluu ya kufulia mashati meupe nayo ni buluu, na tayari tumesema buluu juu ya manjano huzaa nini.

Na tona yenyewe, niiweke mwenyewe?

Inawezekana kama nywele zimeshafika ngazi ya 9 au 10 na hazikatiki. Kama bado ni chungwa, tona haitakusaidia. Rudi kwa msusi.

Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kisanduku, kwa sababu hutofautiana: nyingine ni moja kwa moja, nyingine moja kwa mbili. Kwa moja kwa mbili, gramu 30 za tona huchanganywa na mililita 60 za developa. Pale kampuni inapokuachia uchague, chukua developa ya voliumu 10, yaani asilimia 3. Voliumu 20 ni asilimia 6, na kazi yake itaanza kugusa nywele zako nyeusi za mizizini na kuzifanya nyekundu. Wauzaji hupenda kukuuzia 30 au 40 wakisema "itashika vizuri". Kataa.

Jaribio la mzio saa 48 kabla: tone moja ndani ya kiwiko, bila kuoga hapo. Kama umewahi kuvimba au kuwashwa na rangi nyeusi ya pakiti, usiruke hatua hii, kwani tona nyingi zina viambato vya ukoo mmoja na vile.

Nywele ziwe safi na zenye unyevu kidogo. Paka haraka, chini ya dakika kumi kichwa kizima, ukianzia palipo na manjano mengi. Futa fungu moja kwa karatasi kila baada ya dakika tano, uangalie. Tona ikiwa kichwani huonekana nyeusi-zambarau na kukutisha. Cha kutazama ni unywele uliofutwa. Ondoa mara unapoona manjano yamekufa, hata kama ni dakika ya nane na kisanduku kinasema ishirini.

Mizizi inaota. Retachi, yaani blichi ya mizizi mipya, lini?

Nywele huota takriban sentimita moja na robo kwa mwezi. Ukitaka blondi kamili hadi mzizini, rudi kati ya wiki ya sita na ya nane. Sababu ni joto. Ngozi ya kichwa hupasha blichi iliyo karibu nayo, hivyo sentimita ya kwanza huwa nyeupe upesi. Ukisubiri miezi minne, una sentimita tano za nywele nyeusi: za karibu na ngozi zitakimbia, zilizo mbali zitabaki nyuma, na utatoka na mistari mitatu kama bendera.

Blichi ya retachi iguse nywele mpya tu. Ikipanda juu ya zile za zamani, pale zinapokutana ndipo zitakapokatikia baada ya wiki mbili, zote kwa urefu mmoja, ukadhani zimenyolewa. Mwombe msusi apake kondishona nzito kwenye zile za zamani kabla ya kuanza. Usioshe kichwa siku moja au mbili kabla, na usikikune. Mafuta ya asili hulinda ngozi.

Kama bajeti hairuhusu kila wiki ya nane, omba mizizi ya kivuli: msusi huacha sentimita mbili au tatu za juu zikiwa kahawia na blondi ianzie chini. Kwa maoni yetu, kwa nywele nyeusi huu ndio mtindo wa busara zaidi, na hata ukikaa miezi minne hakuna atakayejua.

Jua, vumbi na helmeti ya boda

Nairobi iko kilomita zisizozidi 150 kusini mwa Ikweta na juu ya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyembamba, miale ni mikali, na Januari hadi Machi mawingu huwa machache. Jua huvunja tona na kuacha utosi wa manjano. Leso au kofia pana hushinda dawa yoyote ya kupuliza. Julai mawingu yakitanda hupunguza, hayazuii.

Helmeti ya boda hukinga jua lakini husugua, na ile ya abiria imevaliwa na kichwa cha kila mtu. Vaa boneti nyembamba ya satini ndani yake. Moshi wa jiko na wa nyama choma pia hupaka manjano. Huo huoshwa na shampuu ya kawaida, usiupigie zambarau.

Pasi na blodrai

Usipite nyuzi 180, na kwa nywele laini 150 zinatosha. Pasi isiyo na namba, yenye taa nyekundu tu, usiilete karibu na blondi. Kinga ya joto ipakwe kwanza, nywele zikauke kabisa, pitisha mara moja. Ukisikia mlio wa kukaanga, ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuupasua. Manjano ya kuungua hayaoshwi kwa zambarau, kwani protini yenyewe imebadilika rangi. Mkasi ndio dawa.

Naweza kuweka rilaksa kwenye blondi?

Hapana. Rilaksa na blichi zote hushambulia vifungo vilevile vinavyoshika unywele. Kama tayari una rilaksa na unataka blondi, chagua moja. Kuna wanaofanikiwa na zote mbili kwenye nywele fupi sana, kwa sababu huzinyoa kabla hazijapata muda wa kukatika.

Nataka kusuka ili nipumzishe nywele. Kuna hatari?

Kusuka ni vizuri, kwa masharti. Subiri wiki mbili baada ya blichi. Mwambie msusi kabla hajaanza kwamba nywele zimepakwa blichi; kule Kenyatta Market mikono minne huingia kichwani kwa pamoja, na kasi hiyo haioni unywele dhaifu. Mistari iwe minene, isivute kiasi cha kuinua nyusi. Wiki nne hadi sita, fumua.

Chagua rasta zinazokaribiana na rangi yako: 613 ni blondi nyepesi, 27 ni ya asali. Rasta nyekundu, zambarau au nyeusi zinaweza kuvuja zikichovywa kwenye maji moto, na blondi yako ndiyo itakayoyanywa. Chovya rasta kadhaa kwenye kikombe cheupe cha maji moto kabla ya kununua pakiti nane. Maji ya kuchovya ncha yasigusane na nywele zako. Yanaunguza ngozi pia.

Nywele zikilowa zinavutika kama chingamu.

Hapo hali ni mbaya, lakini pima vizuri. Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Ukinyooka kidogo na kurudi, uko sawa. Ukinyooka bila kurudi, au ukawa kama uzi wa chingamu, protini imepungua: tritimenti yenye keratini iliyoyeyushwa kila wiki mbili, na dawa ya kuunga vifungo kulingana na maelekezo yake. Ukikatika papo hapo bila kunyooka, ni ukavu, na pengine umezidisha protini: acha protini mwezi mzima, weka unyevu na stimu.

Mayai na mayonezi havijengi unywele. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani, na ukisuuza kwa maji moto utachana kichwa chenye yai la kukaangwa.

Kuogelea?

Lowesha nywele kwa maji safi mpaka zishibe, paka kondishona, vaa kofia ya kuogelea. Unywele ulioshiba hunywa maji ya bwawa kidogo. Ukitoka, suuza mara moja. Ukijani hutokana na shaba iliyo majini ambayo klorini huigeuza. Iondoe kwa ile shampuu ya kutoa madini.

Wigi la 613 nalo limekuwa manjano.

Kama ni nywele za binadamu, zambarau kwenye beseni: kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya zambarau kwa lita mbili za maji baridi, dakika mbili, ukiangalia. Lesi ibaki nje ya maji, maana hushika rangi. Kama ni la sintetiki, zambarau haitashika, limechoka.

Mimi nina nywele fupi, naenda kinyozi.

Una bahati: madhara yako hunyolewa. Mizizi itaonekana baada ya wiki mbili, na hapo kishawishi ni kurudia blichi kila mara. Ngozi ndiyo inayoumia. Weka wiki nne kati ya blichi na blichi, na usipake siku uliyonyolewa kwa mashine, kwa sababu ngozi ina mikwaruzo usiyoiona. Ukihisi inachoma, toa papo hapo. Kuwasha kidogo ni kawaida, kuchoma si kawaida. Mwenye pumu akae mbali na vumbi la unga wa blichi, linaweza kuchochea kifua.

Limau na jua? Jik?

Limau hukausha na kuleta uchungwa. Jik ni ya choo na shuka, na huyeyusha unywele. Hakuna zaidi ya kusema.

Nitajuaje bidhaa si feki?

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake, kisha tuma SM# ikifuatiwa na nambari hiyo kwa 20023. Jibu likitaja bidhaa tofauti na uliyoshika, irudishe. Developa iliyovimbisha chupa, au iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo huko River Road, usinunue hata kwa nusu bei: hujui asilimia, na ikikaa juani hupoteza nguvu.

Ni lini niache kujitibu na kurudi kwa msusi?

Nywele zikianza kubaki kwenye chanuo vipande vifupi visivyo na kinundu cheupe cha mzizi, kichwa kikitoa majimaji au vidonda, au rangi ikiwa madoa usiyoweza kuyafikia. Nenda na picha iliyopigwa nje mchana, na orodha kwenye simu: tarehe ya blichi ya mwisho, voliumu ya developa, tona gani, na kila ulichopaka tangu hapo. Usifiche hina wala pakiti ya rangi nyeusi ya mwaka jana. Hina nyingine huwa na chumvi za metali, na developa ikikutana nazo unywele hupata moto hata kutoa moshi. Mwombe msusi akate nyuzi chache za kisogoni na kuzijaribu kwenye bakuli kabla hajagusa kichwa. Akikataa, chukua mkoba wako.